Arusha na Nyara Zake

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, Mlima Meru hukaa mbele yako karibu njia nzima. Una urefu wa mita 4,566, na hapa Tanzania hakuna unaouzidi ila Kilimanjaro. Chini yake kuna migomba, mibuni na mifereji ya maji baridi. Ukipita Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River unafika Tengeru, na ikiwa ni siku ya Jumatano au Jumamosi utakuta soko limefurika. Akina mama wa Kimeru na Kiarusha wamepanga ndizi, parachichi, maharage na viazi hadi ukingoni mwa barabara.

Mengi yameandikwa juu ya Arusha. Hapa lilitangazwa Azimio la mwaka 1967. Hapa ndipo ilipokaa mahakama ya mauaji ya Rwanda, tangu miaka ya 1990 hadi ilipofunga kazi mwaka 2015. Na watalii wa kaskazini karibu wote hupitia hapa. Lakini mwezi huu tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari moja ambayo wageni wengi huijua kuliko sisi wenyeji, nayo ni habari ya nyara: vitu vilivyochukuliwa katika nchi hii na kupelekwa nyumbani kwa watu wengine.

NENO LENYEWE

Neno nyara lina mzigo mkubwa katika Kiswahili chetu. Zamani za vita, nyara zilikuwa chochote ambacho askari alirudi nacho kutoka kwa adui: ng'ombe, mbuzi, silaha, hata watu. Mpaka leo mtu akikamatwa kwa nguvu tunasema ametekwa nyara. Tena katika sheria za Tanzania, pembe, ngozi, jino, ukucha, yai, hata kipande cha nyama ya mnyamapori huitwa nyara za Serikali. Basi neno moja linabeba mateka wa vita na pembe za swala!

Mtu angedhani ni ufinyu wa lugha. Tulipozunguka mjini Arusha na vijiji vya Meru tuliona kwamba lugha haikukosea. Mambo hayo yote yamepita hapa, tena katika barabara zile zile.

MJI WA WAWINDAJI

Tuanzie katikati ya mji, kwenye Mnara wa Saa. Wenyeji watakuambia kwamba hapo ni nusu ya njia kutoka Cape Town hadi Cairo. Hatua chache kutoka hapo ipo hoteli kongwe ya mji, ambayo tangu enzi za wakoloni ilikuwa mahali pa wawindaji kukutana, kupanga safari na kurudi kuoga vumbi. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway aliwinda pande hizi za kaskazini mwaka 1933 na 1934, akiwa na mkewe Pauline. Nyumba yake ya baadaye kule Cuba sasa ni makumbusho, na kuta zake zina vichwa vya wanyama wenye pembe, vikiwatazama wageni.

Tangu hapo uwindaji umepitia mengi. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, mkutano mkubwa juu ya wanyamapori ulifanyika hapa Arusha, na Mwalimu Nyerere akatoa ahadi kwamba Tanganyika itawatunza wanyama hao kama amana kwa watoto na wajukuu. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji wote, ikaufungulia tena mwaka 1978. Jirani zetu wa Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977 na hawajaurudisha. Kwetu uwindaji wa kitalii unaendelea katika vitalu maalumu, nje ya Hifadhi za Taifa, na makampuni mengi ya kazi hiyo yana ofisi zao Arusha.

CHUMVI NA KIVULI

Watu wengi hudhani kwamba mwindaji akimwangusha mnyama, kesho yake anapanda ndege na kichwa kwenye mzigo wake. Sivyo. Tulimtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuchuna na kukausha ngozi kwa miaka mingi, naye alitupokea uani kwake, chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni. Mmekuja kununua ngozi?"

"Hapana baba, tumekuja kujifunza."

Alicheka, akaagiza viti, akatueleza. Mnyama akishakufa, saa zinahesabiwa. Ngozi huchunwa kwa uangalifu hasa penye macho, midomo na masikio, maana pakichanika hapo sura yote imeharibika. Nyama na mafuta yote hukwanguliwa. Kisha ngozi hupakwa chumvi nyingi, kilo kwa kilo, hukunjwa na kuachwa itoe maji, hupakwa tena, halafu hukaushwa kivulini. Jua kali huipika ngozi, na chumvi ikichelewa manyoya hunyonyoka. "Ninyi akina mama mnajua," alisema. "Samaki akikosa chumvi mapema, jioni mtakula nini? Ngozi ni vivyo hivyo." Fuvu nalo huchemshwa katika pipa hadi nyama yote itoke, huoshwa na kuanikwa. Pembe za nyati na tandala huchomolewa juu ya mfupa wake wa ndani ili pasibaki kitu cha kuoza.

Kutoka porini mizigo hiyo huletwa mjini. Huko husafishwa tena, hutiwa dawa ya kuua wadudu na magonjwa ya mifugo, hupigwa mihuri na kufungwa katika masanduku ya mbao. Kisha zinafuata karatasi: kibali cha kuwinda, hati ya umiliki, kibali cha kusafirisha nje, hati ya daktari wa mifugo, na kwa wanyama kama tembo, chui na simba, kibali cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Nchi ya mwindaji nayo ina masharti yake. Mara nyingi miezi mingi hupita kabla sanduku halijafika, na hapo bado kuna fundi wa huko wa kuijaza ngozi na kuitia macho ya kioo. Mwindaji hurudi kwao na picha tu. Simba wake humfuata baadaye kama barua.

Tulimuuliza mzee, "Na wewe baba, nyumbani kwako umetundika nini?"

"Kalenda ya usharika," akajibu. "Zile hazikuwa zangu, binti yangu. Nikikutwa na ukucha mmoja bila karatasi, nalala ndani."

SHERIA NA JIRANI YETU

Hapo mzee aligusa jambo zito. Kisheria mnyamapori na kila kilicho chake ni mali ya umma chini ya Serikali. Anayekutwa na nyara bila kibali anaweza kuhukumiwa kifungo cha miaka 20 au zaidi, kutegemea thamani ya kitu alichokutwa nacho. Msomaji anayefuatilia habari za mahakama atakuwa amekwisha kusoma habari za kijana wa kijijini aliyefungwa kwa sababu ya nyama ya pundamilia au ngozi ya chui. Mke wake hubaki na watoto, na shamba la kulima peke yake.

Hatusemi ujangili ni jambo jema. Hesabu za tembo wa Tanzania zilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, nao hawakufa kwa kiu. Ndiyo maana Aprili 2014 Marekani ilisimamisha kuingizwa kwa nyara za tembo kutoka kwetu, na baadaye ikaanza kupima ombi moja baada ya jingine. Na wezi wakubwa hawakai vijijini. Mwezi Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa katika ndege kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. Twiga, mnyama wa taifa, hafichiki mfukoni!

Wanaotetea uwindaji wa kitalii wana hoja zao, nasi tulizisikiliza. Mgeni mmoja hulipa fedha nyingi kwa mnyama mmoja. Kwa miaka mingi kanuni zilimtaka anayewinda simba, chui au tembo kulipia safari ya siku 21. Simba wa kuwindwa ni dume, na lazima awe ametimiza miaka 6. Maeneo makubwa yasiyo na barabara nzuri wala mandhari ya kuvutia wapiga picha yangebaki bila mlinzi kama wawindaji wasingeyalipia. Vijiji vilivyounda Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori hupata sehemu ya mapato, na sehemu hiyo ikisimamiwa kwa uaminifu hujenga madarasa na kulipa askari wa kijiji. Nyama nayo haitupwi. Tena tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori, ili mwananchi naye ale bila kujificha.

Wanaopinga nao wana hoja. Kaskazini mwa Meru, katika wilaya ya Longido, liko eneo la Enduimet linalopakana na Amboseli ya Kenya. Tembo wa hapo hawajui mpaka, na baadhi ya madume yao yana meno marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Kwa muda wa miaka karibu 30 madume hayo hayakuguswa. Lakini kuanzia Septemba 2023 hadi mapema 2024 madume yasiyopungua 5 yaliwindwa upande wetu, na kelele zikawa kubwa katika nchi zote mbili. Kibali kilikuwapo. Swali waliloliuliza wengi ni lingine: dume la miaka 40 au 50, lenye damu ya meno makubwa, nani atalizaa upya?

Biblia haimlaani mwindaji. Esau aliwinda, na baba yake mzee aliifurahia nyama yake. Lakini Esau aliwinda ili watu wale. Kuua kwa ajili ya ukuta ni jambo jingine, nasi tunawaachia wasomaji walipime katika familia zao. Lililotusumbua sisi ni mizani: kwamba kitu kile kile kinaitwa kumbukumbu katika sanduku la mgeni, na kinaitwa kosa la jinai katika kapu la jirani. Palipo na sheria mbili za namna hii, hata kama zote zimeandikwa vizuri, Mkristo hana budi kuuliza maswali.

MAMA WA MOMELLA

Kwa wanaopenda matembezi, tunashauri siku moja nzima katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukifika Usa River unakata kuingia ndani, na baada ya mwendo mfupi upo kwenye lango la Ngongongare. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 ikapanuliwa kuuingiza Mlima Meru na kupewa jina ililo nalo. Hapa hakuna uwindaji kabisa. Utaona twiga wengi, nyati, ngiri, na juu ya miti mbega weusi wenye mabega na mikia meupe kama shela. Ukingoni mwa Kreta ya Ngurdoto unasimama na kutazama nyati wakiwa wadogo kama sisimizi. Hakuna anayeruhusiwa kushuka, na ukimya wa pale ni wa kanisani. Mbele zaidi yapo Maziwa ya Momella yenye maji ya magadi, na heroe huja kwa misimu yao wakayafanya ya waridi. Unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki.

Ni hapa Momella alipoishi mwanamke ambaye akina mama wafaa wamjue. Margarete Trappe alikuja kutoka Ujerumani na mumewe mwaka 1907, akafuga ng'ombe na farasi chini ya Meru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza shamba lilitwaliwa na Waingereza, lakini miaka ya 1920 akarudi. Mumewe alipoondoka alibaki na watoto wa kulea, na kazi aliyoijua ilikuwa bunduki. Akawa mwindaji bingwa, anayesemwa kuwa mwanamke wa kwanza wa kazi hiyo Afrika Mashariki, akiwaongoza matajiri wa Ulaya kutafuta nyara zao. Wamasai walimwita Yeyo, yaani mama. Alifariki mwaka 1957, na sehemu ya ardhi aliyoizunguka kwa farasi sasa imo ndani ya hifadhi.

Miaka michache baadaye watu wa sinema wa Marekani walikuja Momella kupiga filamu iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, wakiwa na mcheza sinema John Wayne. Humo wanyama hawauawi, wanakamatwa hai kwa ajili ya bustani za wanyama, na watoto wa tembo wanakimbia katika mitaa ya Arusha. Wazee wa mjini bado wanaikumbuka.

Bi Trappe alikuwa mwanamke hodari, hilo hatulikatai. Lakini ardhi ya Meru ilikuwa na mama zake kabla yake. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, upande ule ule wa mlima, ili nchi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Hukumu waliyoitaka hawakuipata, lakini habari hiyo ikaamsha Tanganyika nzima. Ardhi nayo, basi, ilichukuliwa nyara.

BOMA NA VICHWA

Tumeacha kwa makusudi habari nzito iwe ya mwisho. Mjini Arusha, juu kidogo ya Mnara wa Saa, lipo Boma jeupe la Wajerumani, lililomalizika mwaka 1900. Sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huletwa kujifunza habari za wanyama na asili ya binadamu. Waarusha na Wameru ndio waliobeba mawe na chokaa ya kuta zile, kwa kulazimishwa.

Kisa chake kinaanzia Akeri, chini ya Meru. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliotumwa na Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku na askari wa Kiarusha na Kimeru. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi, na mnara wao upo. Lakini ni lazima tuseme pia yaliyofuata. Kapteni Johannes alitoka Moshi na jeshi lake kulipiza kisasi. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, na ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kama nyara. Injili haikurudi kwa bunduki ile. Ilirudi taratibu, mwaka 1902, pale Nkoaranga, kwa watu waliokubali kukaa, kujifunza lugha na kutibu wagonjwa.

Kisha tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 kwa siku moja: Wachaga, Waarusha na Wameru. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Meli wa Moshi, na Mangi Lobulu wa Meru. Miili ya baadhi yao haikuzikwa ikiwa kamili. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni ili kuyapima. Mmoja wao, Felix von Luschan wa Berlin, alikusanya maelfu. Baada ya kufa kwake mwaka 1924 mkusanyiko wake binafsi ulinunuliwa na jumba la makumbusho la New York.

Msomaji, soma tena yale tuliyoandika juu ya pipa na chumvi, halafu ufikiri kwamba kichwa cha baba wa mtu kilipitia kazi ya namna hiyo, kikaandikwa namba, kikafungwa katika sanduku, kikapanda meli. Hapo ndipo neno nyara lilipotuchoma.

Kati ya mwaka 2017 na 2023 wataalamu wa Berlin walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Waliona kwamba 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya, na 7 hayakujulikana yametoka wapi. Mwezi Septemba 2023 walitangaza kwamba mafuvu matatu yameoana na damu ya familia zilizo hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Cha Mangi Meli mwenyewe hakikuonekana katika yale yaliyopimwa, ingawa mjukuu wake alikitafuta miaka mingi hadi uzeeni. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akawaomba msamaha wazao wa waliouawa katika Vita vya Maji Maji. Mwaka 2024 ilitoka filamu inayofuatilia familia mbili, moja ya Songea na moja ya Meru, zikitafuta mabaki ya babu zao. Familia ya Meru inamtafuta Mangi Lobulu.

RISPA NA MIFUPA YA YUSUFU

Wapo wanaosema, mifupa ya miaka zaidi ya mia inatufaa nini? Watoto wanahitaji madaftari. Tunawaomba wafungue Biblia zao. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, wamo wana wawili wa Rispa binti Aya waliouawa pamoja na wengine watano, miili yao ikaachwa mlimani. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua ziliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na cheo wala silaha. Lakini Mfalme Daudi aliposikia alilofanya mwanamke yule, aliikusanya mifupa yao pamoja na ile ya Sauli na Yonathani, akahakikisha mazishi ya heshima. Mungu hakumwambia Rispa kwamba anapoteza muda.

Yusufu naye alifia Misri akiwa mtu mkubwa, lakini aliwaapisha ndugu zake wasimwache huko. Musa, usiku ule wa haraka wa kutoka Misri, hakuisahau mifupa ile. Waisraeli waliibeba miaka yote ya jangwani. Ikiwa Neno la Mungu linatunza habari ya mifupa ya mtu mmoja tangu Mwanzo hadi Yoshua, nani atawacheka wazee wa Meru?

Kanisa lina nafasi katika jambo hili. Mahusiano yetu na makanisa ya Ujerumani ni ya zaidi ya karne moja. Wageni wao hulala nyumbani mwetu, na vijana wetu hulala kwao. Wakija tena, tuwapeleke Akeri kwenye kumbukumbu ya wamisionari, kisha tuwapeleke kwa familia ambayo kaburi lake halina kitu ndani. Tuongee habari zote mbili mezani, bila hasira na bila kuficha. Na sisi wenyewe tuwaulize bibi na babu zetu majina yaliyosahauliwa, tuyaandike, maana kipimo cha damu hakina kazi pasipo familia inayojua inamtafuta nani.

TURUDI NA NINI NYUMBANI?

Kwa wale watakaofika Arusha likizo hii, tunaongeza ushauri kidogo. Nendeni kwa kikundi ili mgawane gharama ya gari la hifadhini, na mwulize mapema viingilio, maana raia hulipa kiasi kidogo kuliko wageni. Chukueni sweta; asubuhi za Meru zina baridi hata Januari. Boma litazameni pamoja na watoto, mkawaeleze nani walibeba mawe yake. Tengeru nunueni ndizi za mshare, zitawafikisha nyumbani salama.

Wafundisheni watoto wasiokote chochote hifadhini: wala unyoya, wala fuvu la swala, wala ganda la yai. Sababu ya kwanza ni sheria, nayo haina mchezo. Sababu ya pili ni kwamba kila kitu kina kwao. Mfupa ulioachwa majanini utaliwa na wadudu, utakuwa udongo, na udongo utaotesha nyasi za kuwalisha watoto wa swala huyo huyo. Mtoto akilielewa hilo akiwa na miaka sita, hatakuwa na shida ya kulielewa la Mangi Lobulu akiwa mtu mzima.